Ukocha wa lakrosi vyuoni Marekani: kinachomweka mtu kazini miaka thelathini

Kijana anayeutamani ukocha wa lakrosi ya vyuo, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, mara nyingi ameiona wikiendi moja tu ya mwaka: ile ya Memorial Day, sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliofariki, mwishoni mwa Mei, uwanja umefurika na ubingwa wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, unagombewa. Kazi yenyewe hufanyika Septemba, na kwenye baridi ya Februari, na mezani mbele ya orodha ya majina. Kocha Bill Tierney alitwaa mataji 6 akiwa Chuo Kikuu cha Princeton kati ya 1992 na 2001, akahamia Chuo Kikuu cha Denver na kuchukua la 7 mwaka 2015. Sifa yake kubwa ilikuwa ulinzi: beki anajua ni nani atakuja kumsaidia akipitwa, na anayekuja anajua ni nani ataziba pengo aliloliacha. Somo halina miujiza, ila lilirudiwa bila kuchoka. Anayetaka kudumu kwenye kazi hii aanze kupenda kurudia.

Mlango wa kuingilia ni mwembamba. Wengi huanza kama wasaidizi huku wakisoma shahada ya pili, au kwenye vyuo vya Daraja la Tatu, ambako kocha mkuu hujikuta akipanga pia usafiri na kuhesabu jezi. Usidharau huko. Kocha Jim Berkman amekaa Chuo Kikuu cha Salisbury, Maryland, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, katika daraja lisilotoa hata senti ya ufadhili wa kimichezo, na ana mataji zaidi ya 10. Tierney naye alikuwa kocha mkuu wa RIT, chuo cha teknolojia cha Rochester, kisha akakubali kuwa msaidizi Johns Hopkins kabla ya kupewa Princeton. Ukiwa msaidizi, chukua eneo moja ulimiliki: ulinzi, ushambuliaji, makipa au ugombeaji wa mpira wa katikati, yaani pale wawili wanapougombea mpira katikati ya uwanja kuanzisha mchezo. Anayejua makipa kwa undani ni adimu, na adimu hupigiwa simu.

Sasa hesabu ya kikosi, maana hapa ndipo wengi huzama. Kwa miaka mingi lakrosi ya wanaume Daraja la Kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 12.6 tu wa kugawana timu nzima. Tangu makubaliano ya mahakamani ya 2025 kati ya NCAA na wanamichezo, vyuo vilivyoyakubali havina tena ukomo huo, ila vina ukomo wa vichwa: 48 kwa wanaume, 38 kwa wanawake. Mgawanyo unaofaa kwa 48 ni makipa 4, wagombea mpira wa katikati 4, mabeki 9, viungo wa fimbo ndefu 4, viungo wa ulinzi wa fimbo fupi 6, viungo wa kushambulia 11 na washambuliaji 10. Kosa la kila mwaka ni kujaza washambuliaji kwa sababu ndio wanaong'ara kwenye mashindano ya kiangazi. Ikifika Machi mabeki wawili wameumia, na mazoezi ya sita kwa sita hayachezeki tena kwa kasi ya mechi.

Kanuni zinakataza kuzungumza na mchezaji kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Kabla ya hapo unatazama tu, basi tazama vizuri. Mabao yataandikwa na wengine. Wewe andika anachofanya ndani ya sekunde 10 baada ya kupoteza mpira, anavyokaa benchi akitolewa, na kama mkono wake dhaifu anautumia au anaukwepa.

Msimu ukianza una saa 20 kwa wiki, zisizozidi 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Usizimalizie kwenye hotuba. Mpira wa chini, yaani kuuokota uliolala nyasini, upewe nafasi kila siku, hata dakika 8: mikono yote miwili kwenye fimbo, mkono wa nyuma ushuke hadi karibu na nyasi, mwili uinamie mpira, miguu isisimame. Anayeutega mpira kwa kuuvuta nyuma hugongwa akiwa amesimama.

Sehemu inayotenganisha timu iliyofundwa na iliyokusanywa ni kuutoa mpira nyuma. Tuseme kipa ameokoa shuti. Ana sekunde 4 ndani ya duara lake linalozunguka goli, na timu ina sekunde 20 kuuvusha mstari wa kati. Macho yake yaanze kwa yule aliyekuwa akimkaba mpiga shuti, kwa kuwa mpigaji bado anamalizia mzunguko wa mikono na hajageuka. Mkabaji ana hatua mbili tatu za bure, mradi aondoke mara anaposikia sauti ya kipa. Njia hiyo ikizibwa, kipa atoke nyuma ya goli, mabeki wawili wafunguke kuelekea mistari ya pembeni, na baina ya mtu na mtu pawe na mita 15 au zaidi. Wakibanana, mshambuliaji mmoja wa wapinzani anawakaba wawili bila jasho.

Halafu linakuja kosa ambalo kila kocha mkongwe analijua. Beki anaona uwazi, anakimbia na mpira, anavuka mstari, umati unasimama. Filimbi. Wanne walipaswa kubaki nyuma, kipa akiwemo, na hakuna kiungo aliyebaki. Dawa ni kumteua mtu mapema: kiungo aliye karibu na benchi ndiye hubaki siku zote, anainua fimbo juu na kupaza sauti "Nabaki!" Fanya majaribio 10 kwa saa ya mkononi kila mazoezi. Tisa yakifaulu mko sawa. Saba yakifaulu, acha mbinu mpya zote za wiki hiyo.

Kipa apashwe moto na kocha, wala si na mpigaji hodari wa timu. Dakika 15 hadi 20, kutoka mita 9 au 10: juu upande wa fimbo, juu upande wa pili, kiunoni, chini, mwisho mipira ya kudunda. Shuti liwe la kasi anayoweza kuidaka. Ukimpiga mabao kabla ya mechi umemfundisha kuogopa.

Kanuni nazo hazimsubiri mtu. Mwaka 2019 saa ya shambulizi ya sekunde 80, yaani muda wa timu kukaa na mpira kabla ya kupiga shuti, iliua tabia ya kuuficha mpira, na walioendelea na mipango ya dakika mbili walijikuta wakipiga mashuti ya kubahatisha. Mwaka 2021 wagombea mpira wa katikati walikatazwa kupiga goti, na baadhi ya mabingwa wa goti wakawa watu wa kawaida. Kila kiangazi soma kitabu cha kanuni na refa mmoja, mstari kwa mstari.

Kwa wasomaji wa Uganda, iliyoitangulia Afrika nzima kwenye kombe la dunia la wanaume mwaka 2014, na wa Kenya: lakrosi ya wachezaji sita, itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, ndiyo njia ya karibu. Uwanja ni mita 70 kwa 36, robo nne za dakika 8, saa ya shambulizi sekunde 30. Kocha aliyeizoea anauza ujuzi unaoeleweka popote.

Suala la mrithi usilifiche. Tierney alitangaza kabla ya msimu wa 2023 kwamba ndio wa mwisho, na nafasi ikaenda kwa msaidizi wake Matt Brown. Wachezaji walibaki na sauti waliyoizoea. Msaidizi wako aendeshe mazoezi mazima mara moja kwa wiki wewe ukiwa kando, azungumze na wazazi, akae kwenye kikao cha bajeti na mkurugenzi wa michezo. Bajeti hasa: wasaidizi wengi hupewa timu wakijua kila pembe ya uwanja na hawajui basi la safari ya mbali linalipwa kutoka fungu gani.