Vita Visivyotangazwa

SWALI: Mhariri, nasoma mara kwa mara kwamba mataifa makubwa, yenye silaha za nyuklia na majeshi makubwa, siku hizi yanashindana kwa kutumia wanamgambo, wavuvi na askari wasiovaa alama za nchi yao. Je, huo ni mkakati wa taifa hasa, au ni hila za kukwepa lawama tu?

JIBU: Ni vyote viwili, ila hila huwa mkakati pale tu anayeitumia anapojua anataka kuishia wapi. Silaha za nyuklia hazikuondoa uhasama baina ya mataifa makubwa. Zilifanya gharama ya vita vya wazi isibebeke, hivyo kila upande ukatafuta namna ya kumsogeza mwenzake bila kumpa sababu ya kufyatua risasi. Mwaka 2014 askari wenye sare zisizo na alama waliishika Krimea, rasi ya Ukraine, Urusi ikakana kuwa ni wake, na Rais Putin alipokuja kukiri mwezi Aprili, rasi hiyo ilikuwa imekwisha kutangazwa kuwa sehemu ya Urusi.

Mfano unaonishughulisha zaidi uko katika Bahari ya China Kusini, kwenye mwamba wa Second Thomas unaogombaniwa na China na Ufilipino, ambako mwaka 1999 Ufilipino iliikwamisha kwa makusudi meli kukuu, Sierra Madre, na kuweka humo kikosi kidogo cha wanamaji. Meli hiyo imeliwa na kutu, lakini bado imo katika orodha ya meli za jeshi, na hapo ndipo penye fumbo, kwa sababu mkataba wa ulinzi wa mwaka 1951 unaitaka Marekani iisaidie Ufilipino iwapo meli za jeshi lake zitashambuliwa kwa silaha. China nayo hujihadhari isifike hapo: hutuma walinzi wa pwani pamoja na mashua zinazoitwa za uvuvi, ambazo huzingira, hugonga ubavuni na kurusha maji ya shinikizo. Tarehe 17 Juni 2024, kwa mujibu wa jeshi la Ufilipino, Wachina waliokuwa na visu na mashoka walizitoboa boti za mpira zilizopeleka mahitaji, na katika purukushani hiyo baharia mmoja akapoteza kidole gumba. Hakuna bunduki iliyolia. Je, kidole gumba ni shambulio la silaha? Swali hilo, linalowaumiza vichwa wanasheria wa Manila na Washington, ndilo silaha yenyewe.

Manila imejibu kwa kamera, ikiwapandisha waandishi wa habari melini tangu mwaka 2023 na kutangaza picha za makabiliano. Mashua hazijaondoka, ila kukana kumekuwa kugumu.

Marekani ina somo lake chungu. Miaka ya 1980 ilipitishia Pakistani silaha za mujahidina wa Afghanistan, wapiganaji waliopambana na jeshi la Kisovieti lililoingia nchini mwao, na kuanzia mwaka 1986 zikawemo Stinger, makombora ambayo mtu mmoja huyabeba begani na kuangusha helikopta. Februari 1989 msafara wa mwisho wa Wasovieti ulivuka daraja la mto Amu Darya kurudi kwao. Kuwachosha Wasovieti kulikuwa na mpango. Nchi itakayobaki nyuma yao haikuwa nao, na katika miaka ya 1990 Shirika la Ujasusi la Marekani lilikuwa likizunguka na fedha mkononi, likiyanunua tena makombora lililoyagawa lenyewe.