Shangazi, kucheka mambo ya kanisani ni dhambi?

Hamjambo wapenzi wasomaji. Mwezi uliopita niliuliza nani ana kituko cha kanisani, basi barua zimemiminika, nyingine nimeshindwa kuzimaliza kwa kucheka na nyingine jamani hazichapishiki, hasa ile ya mwalimu wa kwaya na meno ya bandia, mwenyewe anajijua. Nimechagua tano. Waliobaki wasinune.

*Shikamoo Shangazi. Mi ni kijana wa miaka 24, naishi Magomeni hapahapa Bagamoyo, naimba besi kwaya ya vijana. Nina kipaji cha kuiga watu. Juzi kwenye jumuiya, sala imeisha tunasubiri chai, nikamuiga katibu wetu anavyosoma matangazo, ile "tukae kidogo, matangazo ni machache tu, matatu", halafu la tatu linazaa a mpaka h. Watu walicheka hadi mama mwenye nyumba akaangusha birika. Mzee mmoja akasimama akasema nakufuru, nyumba ya Mungu haichezewi, na Jumapili nikaitwa na viongozi wa kwaya nikaambiwa nijitafakari. Hivi kweli nimekosea? Katibu mwenyewe siku hiyo hakuwepo.*

Marahaba mwanangu, na pole kwa birika. Hiyo sentensi yako ya mwisho umeitupia pale kama haina uzito lakini ndo yenye kesi yote, nitairudia.

Kwanza huyo mzee. Mwambie kwa heshima kwamba kwenye Biblia kicheko kimeanza mapema sana, Sara alicheka aliposikia atazaa uzeeni, akabisha kwamba hakucheka, akaambiwa umecheka, na mtoto alipozaliwa akaitwa Isaka, jina ambalo maana yake ni anacheka. Yaani kila tukisema Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo hapo katikati tumetaja kicheko na hakuna anayeshtuka. Halafu kuna kile kisa cha Matendo sura ya 12 ambacho mi nikisikia kinasomwa kanisani nafunika mdomo kwa kanga. Petro yuko gerezani, wenzake wamekusanyika kwenye nyumba ya mama yake Yohane Marko wanaomba usiku huo, malaika anamtoa Petro, Petro anakuja kugonga mlango, msichana Roda anaitambua sauti yake na kwa furaha anasahau kufungua, anakimbia ndani kuwaambia Petro yupo mlangoni, na wao wanamjibu una wazimu wewe. Walichokuwa wanakiomba kiko nje kinagonga na wao wanabishana! Hiyo si jumuiya yetu kabisa? Tena nina hakika kulikuwa na mmoja aliyesema tumalizie kwanza sala ya mwisho.

Na kuiga siyo umeanza wewe. Kule Bavaria, kusini mwa Ujerumani, zamani mapadre walikuwa na desturi ya kuwachekesha waumini asubuhi ya Pasaka, kwamba mauti yameshindwa basi watu wacheke. Wakazidisha. Mwaka 1518 mhubiri mmoja wa Basel, mji wa Uswisi, anaitwa Oecolampadius, aliandika kulalamika kwamba kuna wanaolia kama ndege kanisani na mwingine anasimulia eti Mtume Petro alivyomkwepa mwenye nyumba ya wageni asilipe bili. Baadaye wakubwa wa Kanisa na wa serikali wakaja kupiga marufuku. Kwahiyo unaona, aliyeitwa akaambiwa ajitafakari siyo wewe wa kwanza.

Hayati Papa Fransisko naye, tarehe 14 Juni 2024 aliwaita Vatikani wachekeshaji zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali, akina Whoopi Goldberg na Chris Rock, akawaambia hata na Mungu mtu anaweza kucheka, vile tunavyotaniana na tunaowapenda. Mi nilipoona ile habari nikasema loh, viongozi wa kwaya wangekuwepo wangewaita wote mia wajitafakari.

Sasa turudi kwetu, maana hii ya kwetu mi naiona ina akili kuliko ya Bavaria. Wewe umezaliwa pwani, umeona msiba wenye watani. Wanyamwezi walikuwa wanashuka hapa na misafara ya pembe za ndovu, na utani wao na watu wa pwani, Wazaramo na wenzao, upo mpaka leo. Mtani anakuja msibani anavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anadai deni ambalo hadai, anaingia kaburini anagoma kutoka mpaka apewe chochote, na mjane aliyekuwa hajala siku mbili anacheka, na hakuna anayesema amekufuru. Kwa nini? Kwa sababu anafanya mbele ya wenye msiba wenyewe, na kesho kwake kukifa mtu na wao wataenda kumfanyia vilevile. Mtani hajifichi. Anayemuiga marehemu nyuma ya nyumba na wenzake wawili huyo siyo mtani, huyo anasengenya.

Umeelewa nilipokuwa naelekea. Wewe ulimuiga katibu siku ambayo hayupo. Hapo mzee kakuonea kwenye neno tu, si kufuru, lakini kaona kitu. Nenda kwa katibu, mpelekee hata kilo ya sukari, mwambie baba mi huwa nakuiga, nikuoneshe? Muoneshe palepale, a mpaka h yote. Mi namfahamu katibu wa aina hiyo, mwanzoni atakunja uso, ukifika "d" ataanza kukusahihisha kwamba yeye hasemi hivyo, anasema hivi, na atakuigia yeye mwenyewe. Akikataa kabisa, akaumia, basi umwache, watu wa kuigwa kwenye parokia hawaishi, anza na kwaya yenu ya vijana ambayo mwenyekiti wake ana wajukuu wawili.

*Shangazi za masiku, nakuandikia kutoka Chumbageni, Tanga. Sisi Walutheri. Tatizo langu ni mnada wa baada ya ibada. Mume wangu nyumbani ukimuomba elfu mbili ya nyanya anauliza ile ya juzi imeenda wapi, lakini akisimama kwenye mnada anakuwa mtu mwingine, anapandisha tu. Jumapili iliyopita kanunua papai moja elfu arobaini. Shangazi, lile papai nililipeleka mimi asubuhi, limetoka kwenye mti wetu wa nyuma ya jiko!*

Salama mwanangu, na nimecheka mpaka mjukuu kaja kuniangalia.

Kwa wasomaji wasiojua, asiye na pesa siku hiyo anatoa alichonacho, mayai, kuku, mkungu wa ndizi, nazi, na ibada ikiisha vinapigwa mnada nje, hela inaingia kanisani. Jambo zuri sana hilo na hata huku kwetu tunalo, huku mpaka pweza anapigwa mnada, sasa umevaa gauni jeupe la kitambaa cha kutoka Dar na umeshikishwa pweza. Lakini wanaopiga mnada jamani wale ni wachawi. Hauzi papai yule, anauza jina lako. "Elfu kumi ya mama mchungaji, hivi wanaume wa kanisa hili mpo?" Nani atabaki ameweka mikono mfukoni? Na kuna ile ya mtu kununua yai akalirudisha liuzwe tena, nimewahi kuona yai moja limeuzwa mara nne na aliyelipeleka nyumbani mwishowe alilinunua kwa mia tano, watu wamechoka jua.

Kumgombeza mumeo hakutasaidia, atakuambia unazuia sadaka na hapo utakosa jibu. Fanya hivi, acha kupeleka papai. Jumapili ijayo wewe peleka kitu ambacho nyumbani kimeisha, mchele kilo tano, mafuta ya kula, gunia la mkaa kama una usafiri. Atalinunua tu yule, kwa bei ya juu, na mtarudi nalo nyumbani. Sadaka imetoka, mkaa upo, na heshima yake kaibeba begani kaingia nayo getini.

*Assalaam aleikum Shangazi. Mimi Muislamu, naishi Dunda. Jirani yangu alinialika ubatizo wa mwanawe kwenye kanisa lao la kilokole, kadi imeandikwa saa nne asubuhi, nikafika saa nne kasoro, biriani nimelionja saa kumi jioni. Mhubiri alisema "naomba nihitimishe" mara sita, nilihesabu kwa vidole. Hivi hiyo nihitimishe kwenu ina maana gani? Natania lakini nataka kujua kweli maana nimealikwa tena.*

Wa aleikum salaam jirani. Wewe si unapanda magari ya Makumbusho pale stendi? Konda anaposema "panda twende, bado mmoja tu", unajua maana yake? Basi nihitimishe ni bado mmoja tu.

Lakini usiwalaumu sana, walirithi. Mtume Paulo mwenyewe alikuwa Troa, anaondoka kesho yake, akahubiri mpaka usiku wa manane, kijana anaitwa Eutiko kakaa dirishani, usingizi ukamchukua, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu akaokotwa amekufa. Paulo akashuka, akamkumbatia, akasema uhai wake umo ndani yake. Sasa mtu ungetegemea hapo ndo awaage, si ndiyo? Alipanda juu tena, wakala, akaendelea kuongea mpaka alfajiri! Ipo Matendo sura ya 20, hata mimi nisingeweza kutunga.

Ukialikwa tena kunywa chai nzito kabla, na usikae dirishani. Na mumeo mwambie na sisi tunajua ya kwenu, mwanangu mmoja ana rafiki yake aliyeenda Ijumaa na kubazi mpya akarudi na ndala mbili zote za mguu wa kushoto.

*Shangazi, ni halali kuchukua chenji kwenye kikapu cha sadaka? Nilimuona baba mmoja kaweka elfu kumi kachukua elfu tisa. Mimi, Mji Mkongwe.*

Halali ni halali, kwani hela si yake? Ila aibu ni ya nani, yake aliyetoa elfu moja wazi mbele za watu, au ya wale wa zamani waliokuwa wanakunja noti ya mia tano mpaka inakuwa kama kidonge cha Panadol na kuisukuma ndani na ngumi? Zile noti za mia tano zimeshaondoka siku nyingi kwenye mzunguko, saa hizi ni sarafu, na ndo maana siku hizi kikapu kinalia. Sasa wameleta lipa namba, na nayo ina wenyewe, kuna mtu anasimama kwenye foleni ya sadaka na simu juu, anamuonesha mzee wa kanisa meseji ya muamala. Mzee hana miwani, anaitikia tu "Mungu akubariki". Kwa nijuavyo mimi ile meseji inaweza kuwa ya luku.

*Shangazi unawacheka wenzio, wewe mwenyewe hujawahi kuaibika kanisani? Msomaji wako wa siku zote, Raskazoni, Tanga.*

Nilijua mtaniuliza, na baada ya kumhubiria yule kijana siwezi kukimbia.

Ilikuwa mwezi mmoja nina bahasha mbili kwenye mkoba. Moja ya zaka, ndani elfu tano, na usinihukumu, mwezi ulikuwa mbaya. Nyingine mchango wa harusi ya mtoto wa rafiki yangu wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, ndani laki mbili, na hiyo nilikuwa nimeikopa kwenye kikoba kwa sababu kadi ya double, yaani ya watu wawili, ilikuwa haishuki hapo na mi nilikuwa nimeshashona nguo. Siku hiyo nilisahau miwani. Bahasha zote nyeupe, zote za kanisani maana na kamati ya harusi ilichukua bahasha za kanisa kubana matumizi.

Jumapili iliyofuata nimekaa zangu benchi la tatu, matangazo yamefika la tatu, herufi f, katibu anasoma majina ya waliotoa zaka, mara nasikia jina langu na laki mbili, na kanisa zima linapiga makofi, wengine vigelegele. Niliinama. Watu wakadhani ni unyenyekevu, wakaongeza makofi. Ningesema nini? Nisimame niseme naomba chenji?

Tangu siku hiyo katibu akiniona ananisalimia kwa mikono miwili, na kila kamati ya ujenzi ikiundwa nimo. Kikoba nimelipa miezi mitano. Kamati ya harusi nayo ilinipigia simu jioni ileile, dada wa watu ana adabu kweli, akasema, "Mama, tumeipokea ile elfu tano, ahsante sana, tunakuombea."

Kadi hawakuleta. Ile nguo nilivaa Pasaka.