Dereva alikuwa na simu sikioni: namna ya kulithibitisha na kudai fidia Uganda

Dada, umeuliza kama mdogo wako, aliyegongwa na lori akiwa kwenye boda boda karibu na Bugiri, achukue ile milioni moja ya bima mambo yaishe. Umesema mashahidi wawili walimwona dereva ana simu sikioni. Jibu langu: asitie sahihi karatasi yoyote kwanza, iwe kituoni, iwe kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji).

Hiyo milioni haikupimwa kwa ukubwa wa jeraha lake. Ni kikomo cha malipo kwa mtu mmoja chini ya sheria ya bima ya mtu wa tatu ya 1989, ile ya stika kwenye kioo. Madai yanayozidi hapo anadaiwa dereva pamoja na mwenye gari, maana mwajiri hubeba uzembe wa dereva wake akiwa kazini. Hatari iko kwenye karatasi ya kupokelea pesa. Ikiandikwa "sina madai mengine juu ya ajali hii", umemwachilia mwenye lori kwa bei ya stika. Wakili aisome kabla ya kalamu kuguswa.

Sasa simu. Kanuni za 2004 zinakataza dereva kutumia simu ya kushika mkononi, na polisi wakiishia kwenye tiketi ya faini, watu hudhani kesi imekwisha. Haijaisha. Faini ni ya serikali, fidia ni ya majeruhi, na kipimo ni tofauti: kwenye jinai kosa lithibitishwe bila shaka ya msingi, kwenye madai inatosha uwezekano wako uzidi wa mwenzio. Tena uzembe ni mpana kuliko simu ya mkononi. Dereva aliyeinama kutafuta chaja, au anayebishana na bosi kwa spika, bado anaweza kuonekana hakuwa makini, hata kama hakuna kanuni inayotaja kitendo hicho.

Kesi nyingi za namna hii hukwama kwenye dakika. Kuonyesha kwamba dereva alipiga simu siku ile hakutoshi; lazima simu na kishindo vikutane. Ili kuipata dakika ya ajali, anza na simu za mashahidi wenyewe: mtu wa kwanza kupiga kuomba msaada ana saa ya mtandao kwenye orodha ya simu alizopiga. Apige picha ya skrini leo, kabla haijafutika. Kama kuna kamera ya kituo cha petroli au duka, omba nakala haraka, kwa sababu mashine hizo hurekodi juu ya picha za zamani. Siku ya kunakili, linganisha saa ya kamera na saa ya simu, uandike tofauti. Kamera iliyochelewa dakika sita inaweza kuangusha ushahidi mzuri kabisa.

Rekodi za simu za dereva hutapewa ukienda kwenye kampuni ya mawasiliano. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda. Zinapatikana kupitia upelelezi wa polisi au amri ya mahakama. Wakati mnasubiri, wakili aandike barua ya kutaka rekodi zihifadhiwe, moja kwa kampuni ya simu na moja kwa mwenye lori. Kumbuka simu ya WhatsApp haionekani kama simu ya kawaida. Huonekana matumizi ya data tu, na hapo ndipo shahidi wa macho anapokuwa na thamani. Ikiwa lori lilibeba mzigo wa transiti, yaani unaopita kwenda nchi nyingine, mara nyingi huwa na kifaa cha kielektroniki cha kufuatilia mzigo kinachosimamiwa na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Kinaonyesha lilikuwa wapi na lilisimama saa ngapi. Watu husahau kukiomba, na mimi naona ni kosa kubwa.

Kutoka polisi chukua ripoti ya ajali, mchoro wa eneo, ripoti ya mkaguzi wa magari, na PF3, fomu ya polisi ya majeraha, iliyojazwa na daktari. Dereva akishtakiwa, omba nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi. Akikiri kosa, hiyo ni silaha yenu.

Gharama za hospitali na nauli ni hasara mahsusi: zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na zithibitishwe. Bila risiti, tumia taarifa ya mobile money. Mapato ya boda yathibitishwe kwa daftari la steji (kituo cha boda) au rekodi za programu ya simu ya kuita boda. Maumivu na ulemavu ni fidia ya jumla. Hapo hakimu huangalia ripoti ya daktari inayotaja asilimia ya ulemavu wa kudumu, na daktari awe tayari kuja kuulizwa maswali.

Tegemeeni upande wa pili kuuliza habari za kofia ngumu na idadi ya abiria. Kama hakuvaa, semeni ukweli mapema. Mahakama inaweza kupunguza fidia kwa sehemu yake ya kosa, lakini uongo ukigunduliwa, ushahidi wake wote unapungua uzito.

Madai ya majeraha yana miaka 3, na gari likiwa la serikali ni miaka 2. Mtu akifariki, familia ina miezi 12 tangu siku ya kifo. Hakimu wa Daraja la Kwanza husikiliza hadi shilingi milioni 20, Hakimu Mkuu hadi milioni 50, zaidi ya hapo Mahakama Kuu. Wakili akikwambia atalipwa pale tu mkishinda, jihadhari, sheria ya mawakili hairuhusu makubaliano hayo.

Mwisho, umesema namba ya lori ni ya Kenya. Muulizeni afisa wa trafiki kama aliandika namba ya Yellow Card ya COMESA, kadi ya bima ya magari yanayovuka mipaka. Kadi hiyo inabeba angalau bima ya lazima ya nchi ajali ilipotokea, na madai yake yanaweza kushughulikiwa hapa hapa Uganda. Namba ya kadi, tarehe ya kuisha na jina la kampuni iliyoitoa vipatikane kabla lori halijaachiliwa kurudi Busia.