Kupanda Karthala kwa gari sio uvivu, ila njia iishie ilipoishia

Swali lenu la wiki hii, "Kupanda mlima wa kisiwani kwa gari la fowili ni utalii au ni uvivu?", limenigusa pabaya, maana mie nimepanda kwa gari na nilikuwa na mama yangu. Hilo neno uvivu silikubali hata kidogo. Mama ana miaka 68, magoti yamechoka, na bibi yake mzaa mama alizaliwa Ngazidja, kile kisiwa kikubwa cha Komoro chenye mlima Karthala. Sie wa Unguja habari hizi tunazijua, kila mtaa una Mngazija wake. Alichotaka ni kuuona mlima aliosimuliwa tangu yuko mdogo, basi. Karthala una mita 2,361 na ni volkano hai, sasa mtu mwenye magoti yale ungempandishaje kwa miguu?

Mwaka juzi mwezi wa tisa tukakodi gari Moroni, mji mkuu wa Komoro, pamoja na dereva wake. Ukishapita kijiji cha Mvouni kwenda juu njia ni mawe meusi matupu, gari linakwenda namba moja tu, mama kashika kile chuma cha juu ya mlango kwa mikono miwili na anasoma dua kimoyomoyo. Hata saa haijaisha rejeta ikachemka. Dereva akasubiri ipoe, akamimina kidumu chake cha lita tano chote, na bado haijajaa. Nikamwambia si tuombe maji pale, maana nyumba tulikuwa tunaiona. Akanyamaza, akawa anaangalia chini. Mie nikaona huyu mgumu kweli.

Kumbe aliyekuwa hajui ni mie. Ngazidja haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua inanyesha sana tu, lakini yale mawe ya volkano ni kama chujio, maji yakianguka yanazama moja kwa moja. Kwa hiyo huko juu watu wanakunywa maji ya mvua yanayotoka kwenye paa na kuhifadhiwa kwenye birika, nasema birika la saruji sio la chai, na mwezi wa tisa ni kiangazi, kilichobaki mle ndani ndo hichohicho mpaka mvua irudi.

Mama akashuka mwenyewe akapiga hodi. Akatoka bibi mmoja mkubwa kuliko yeye, mama akamwamkia "kwezi" kama alivyofundishwa utotoni, yule bibi akacheka akamshika mkono. Wakaongea, huyu Kingazija cha kuokoteza na yule Kiswahili cha kuokoteza, wakaelewana. Akatupeleka kwenye birika. Mdomo wa bomba linaloshuka kutoka kwenye paa ulikuwa umefungwa kitambaa, kimekazwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya tairi. Mama akauliza cha nini. Akasema ni tangu yale majivu. Mwaka 2005 Karthala ulilipuka mara mbili, mwezi wa nne na mwezi wa kumi na moja, na majivu yakaingia kwenye mabirika ya watu, maji yakawa hayanyweki. Yeye na wanawe walitoa tope kwa ndoo, wakasugua birika lote, halafu wakakaa kusubiri mvua. Alikuwa anayasema haya huku anateka, kata moja moja, anamimina kwenye dumu letu polepole bila kumwaga, na tone lililobaki kwenye mdomo wa dumu akalisukumia ndani kwa kidole.

Lita kumi. Kwa ajili ya rejeta!

Mama akatoa hela, bibi akakataa katakata, akasema tukishuka tupite tumwambie kama mlima tumeuona. Sasa sie tulishuka usiku, taa yake imeshazimwa, dereva ana haraka, tukapita. Hilo linaniuma mpaka leo na ndo sababu hasa ya kuandika yote haya, maana swali la mvivu nani naona dogo. Mie ningeuliza, mgeni akipanda na gari lake anayegharamika ni nani?

Na sio maji tu. Kule msituni njia imechimbika, mifereji ya matairi inafika magotini, mvua ikija maji yanapita humohumo na kuondoka na udongo. Gari linalofuata linakwepa mfereji, linapita pembeni, linakanyaga miche, njia inapanuka hivyohivyo kila siku. Mle ndani kuna bundi mdogo ambaye dunia nzima anaishi mlima huo tu, hana pa kuhamia. Njia ilipoishia tukakuta wingu tupu, hatukuona hata ukingo wa kreta, lile shimo la volkano kule juu. Dereva akatuambia kuna watu wanataka barabara isogezwe mpaka juu, wageni wazee nao wafike.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nawatetea wenye gari, na bado nasema mzee au mgonjwa kupanda gari sio uvivu. Lakini barabara isogezwe? Hapana, iishie palepale. Ila hiyo iliyopo isifungwe, maana wenyeji wanateremshia ndizi zao humo, mtu anayekaa mbali hana haki ya kuwaambia wabebe kichwani. Na anayepanda abebe maji yake, madumu mawili matatu ya gari peke yake, rejeta ikaguliwe mkiwa bado Moroni.

Najua maana ya ninachosema. Nimemsomea mama hapa kabla sijatuma, amekaa kimya muda, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo mie sitoiona ile kreta?" Sijamjibu bado.