Maswali na majibu: Zawadi umegawa, wasomaji mbona hawapo?

Maswali ya zawadi za bure yamezidi kwenye inboksi kwahiyo leo nayajibu kwa mkupuo. Nimeyakata kidogo maana wengine mnaandika kurasa mbili za salamu kabla ya kufika kwenye swali. Sitaeleza blogu inafunguliwaje wala droo ni nini, hayo mnayajua. Na nyie mnaotaka "siri" ya kupata wafuasi wengi kwa usiku mmoja, barua zenu nimezisoma, alafu nikazifuta.

Mkuu habari. Naandika mambo ya ushonaji, wasomaji wangu wachache lakini wazuri. Nimejichanga, nataka nigawe simu mpya ili blogu ichangamke. Niipange vipi hii droo?

Usiipange. Hiyo hela irudishe ulikoitoa.

Simu anaitaka fundi cherehani, anaitaka dereva, anaitaka mwanafunzi, anaitaka na mtu ambaye hajawahi kushika sindano na hana mpango wa kuishika, sasa ukitangaza simu unategemea aje nani? Kuna watu kazi yao ni kuzunguka mtandaoni kutafuta mashindano, wana magrupu yao wanarushiana linki, mtu mmoja ana akaunti sita, na wakisikia tu pana cha bure wanashuka kama nzige. Utaona komenti zinapanda, "nimo", "mimi hapa bosi", "barikiwa sana admin", na wewe unafurahi umetoboa, kumbe katikati ya hizo komenti kuna msomaji wako wa kweli kauliza kwanini uzi unakatika kila akishona jinzi, na hujamwona, swali lake limezama huko chini. Mshindi akishatangazwa unapandisha somo la kukata kola, kimya. Wameondoka wote, na baadhi wameondoka wakiwa wamekutukana eti mshindi ni shemeji yako.

Hii nimeisema hapa mara nyingi na nitairudia hadi mnichoke: gawa kitu ambacho mtu asiyekuhusu hakitaki hata akipewa bure. Kwenye ushonaji gawa mkasi mzuri wa kukatia kitambaa, au ule mguu wa cherehani wa kushonea zipu iliyojificha. Mpita njia akisoma "mguu wa zipu" anapita zake, ila mtu anayeshona atasimama, tena atakuuliza unaingia kwenye cherehani yake au hauingii, na hapo ndo umeshaanza maongezi na msomaji kabla hata hujatoa zawadi yenyewe. Na kama mkono wako ni mzuri wa kuchora, chora patani moja ya sketi kwa saizi zote, ipe watu wote bila droo, waambie atakayeishona alete picha. Picha kumi za sketi zilizoshonwa kweli, hata zilizopinda upindo, nazithamini kuliko "nimo" elfu moja.

Zawadi inatakiwa iwe ya thamani gani?

Ile ambayo hata asipokuja mtu hutalala njaa.

Je, nikiweka sharti kwamba ili ushiriki lazima ushee kwenye ukurasa wako na utagi marafiki watano, si itasambaa haraka?

Itasambaa, ndiyo, na unaweza kupoteza ukurasa. Facebook tangu Agosti 2013 inaruhusu kuendesha promosheni kwenye kurasa zake, unaweza kumwambia mtu alaiki au akomenti ndo aingie kwenye droo, ila kumlazimisha ashee kwenye ukurasa wake binafsi au atagi marafiki ili ashiriki imekatazwa, ipo kwenye masharti yao kwa maneno ya wazi kabisa. Halafu inabidi uandike kwamba Facebook hawahusiki na shindano lako. Na ule mchezo wa zamani wa kumficha mtu kitu mpaka alaiki ukurasa kwanza waliufunga Novemba 2014, sasa nashangaa mpaka leo kuna "wataalamu" wanauza kozi za kuufundisha.

Unajua kwanini watu bado wanafanya? Kwa sababu wameona mwingine kafanya na hajafungiwa. Sawa, na kuna watu wanavuka barabara bila kuangalia na wanafika.

Niongeze ambalo hujaniuliza. Ukimwambia mshiriki aposti picha ya bidhaa ili apate nafasi ya kushinda, ile posti tayari ni tangazo, na wanaoiona wana haki ya kujua kwamba ameposti kwa sababu ya zawadi. Mwaka 2014 nchini Marekani kampuni ya viatu ya Cole Haan iliwaambia watu watengeneze bodi za picha za viatu vyake kwenye mtandao wa picha wa Pinterest wakiwa na alama ya reli (hashtag) ya kampeni, mwenye bodi nzuri apate zawadi ya kwenda kufanya shopingi. FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, ikawaandikia kwamba ile alama peke yake haimwambii mtazamaji kuwa aliyeposti anawinda zawadi. Hawakupigwa faini, ila somo likabaki. Kwahiyo weka neno "shindano" humohumo kwenye alama ya reli, herufi nane tu, zitakuua?

Shikamoo. Niliendesha droo, kila mshiriki alitoa kiingilio kidogo sana, ni cha kulipia usafirishaji tu. Sasa watu wananiita tapeli na mimi sio tapeli. Nifanyeje?

Marahaba. Naamini sio tapeli, lakini ulichofanya kina jina lake: bahati nasibu. Sheria za nchi nyingi zinaangalia vitu vitatu, je kuna zawadi, je mshindi anapatikana kwa bahati, je mtu ametoa kitu ili ashiriki. Vikikutana vyote vitatu basi hiyo ni bahati nasibu na inataka leseni, na ukisema "lakini kilikuwa kiingilio kidogo" hakuna atakayekuelewa. Ndo maana kwenye promosheni za makampuni unaona wameandika huhitaji kununua chochote ili ushiriki, sio kwamba wana huruma na wewe, wanaondoa kile cha tatu.

Wewe una njia mbili. Ama uondoe malipo kabisa, droo ibaki ya bure. Ama uondoe bahati, yaani watu washindane kwa kitu cha kupimwa, picha bora, jibu bora, mapishi bora, na useme mapema nani atahukumu na ataangalia nini, ingawa hata hapo kuchukua hela za watu mimi nisingekushauri, kuna nchi bado zitakubana. Kanada sheria imewafikisha mahali pa kuchekesha: mtu akibahatika kwenye droo anapewa kwanza hesabu ya kujumlisha na kuzidisha aijibu, ili isemekane ameshinda kwa ujuzi. Sio utani.

Sasa rudisha viingilio vya watu, vyote, leo, na utangaze pale pale ulipotangaza droo. Usafirishaji ukikushinda gawa kitu kinachotumwa kwa barua pepe.

Na sababu nyingine ya kukataa "ada ndogo ya usafiri" ni kwamba hilo ndo neno la matapeli wenyewe. Ukitangaza tu zawadi, jamaa anafungua akaunti yenye picha yako na jina lako, kaongeza kanukta mwishoni, anawafuata washiriki wako inboksi, "hongera umeshinda, tuma hela ya usafiri tukuletee". Wakishatapeliwa wanakuja kukulaumu wewe. Andika mwanzoni kabisa kwenye tangazo, kwa herufi nene, kwamba mshindi halipi kitu chochote, hatoi namba ya siri, na utamtafuta kwa akaunti hii moja tu. Watu wakiwa wamezoeshwa na wewe mwenyewe kulipa kidogo, tapeli anapita hapo hapo ulipopitisha njia.

Nina PDF ya kitabu kizuri niliipata kwenye grupu, nataka kuigawa kwa kila atakayejiandikisha. Kuna shida?

Jamani, hili swali kila mwezi. Kuna shida. Kitabu sio chako. Kukipata bure hakukupi haki ya kukigawa, na wewe tena unakigawa ili upate imeili za watu, yaani unafanyia biashara jasho la mwenzako. Kama unataka kazi za wengine tafuta zenye leseni ya Creative Commons, ile ambayo mwenye kazi anaruhusu watu waigawe kwa masharti yake, na uisome hiyo leseni, maana nyingine zinakataza matumizi ya biashara na nyingine zinakataza kubadilisha hata mstari. Au keti uandike yako. Kurasa mbili za orodha ya makosa ambayo wasomaji wako wanayafanya kila siku zinatosha, na hakuna atakayekutumia barua ya wakili.

Kupitia droo nilipata imeili nyingi mno. Sasa nikituma jarida hakuna anayefungua na siku hizi naona linaangukia kwenye spamu hata kwa wasomaji wangu wa zamani. Tatizo ni programu ninayotumia?

Programu haina kosa. Wale walikupa imeili ili washinde, hawakuomba jarida, kwahiyo ukiwatumia wanabonyeza "spamu", wepesi kweli. Na Google tangu Februari 2024 wamekaza, wanataka malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, hao ni watu watatu tu kwa kila barua elfu moja. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail anatakiwa pia aweke kitufe cha kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Ukivuka hiyo asilimia ya malalamiko wanaoumia ni hao wasomaji wa zamani wanaokupenda, maana barua zao nazo zinatupwa.

Watumie wa droo barua moja ya mwisho, uwaulize kama wanataka kubaki. Asiyejibu mfute. Najua inauma kuona orodha inakatika, ifute hivyohivyo. Na siku nyingine weka visanduku viwili, kimoja cha kushiriki droo, kingine cha kupokea jarida, na cha pili usikitie tiki wewe.

Nimchagueje mshindi wasilalamike?

Watalalamika. Ila uwe na majibu. Andika siku na saa ya kufunga, na saa ya wapi, maana wasomaji wako hawaishi sehemu moja. Ikifika funga, wape washiriki namba kwa mpangilio walioingia, ondoa waliojirudia na ndugu zako, kisha tumia Random.org, tovuti ya kuchagua namba kwa bahati, hiyo ipo tangu 1998 na namba zake inazitoa kwenye kelele za angahewa, wewe huwezi kuzichezea. Rekodi skrini mwanzo hadi mwisho bila kukata.

Alafu usitangaze kabla hujahakiki. Ufilipino mwaka 1992 Pepsi walitangaza namba ya ushindi 349, kumbe vizibo vya chupa vyenye 349 vilishachapwa kama laki nane hivi, ikawa fujo mitaani mpaka watu wakafa. Wewe hutafika huko, lakini ukisema "mshindi ni fulani" alafu baada ya saa moja useme "samahani nilikosea", hiyo skrinshoti utaikuta kila utakapokwenda.

Kampuni imenipa bidhaa nigawe, inataka niweke linki yao. Sawa?

Sawa, ila sema wazi wamekupa, na hiyo linki iwekee alama ya udhamini, ile "sponsored" inayoandikwa ndani ya kodi ya linki ambayo Google waliileta 2019. Wakikataa alama, walikuwa wananunua linki tu, zawadi ilikuwa kisingizio.

Nikigawa kila wiki?

Utakuwa na watu wanaosubiri zawadi. Makala zako watazipita kama matangazo.

Nilitangaza zawadi, zimebaki siku mbili kufunga na wameshiriki watu wanne tu. Naona aibu. Nisogeze tarehe mbele?

Usisogeze. Hao wanne walisoma tarehe wakakuamini. Funga siku uliyosema, chezesha droo mbele yao, toa zawadi. Alafu hao watatu waliokosa waandikie, mmoja mmoja, kwa jina lake, umuulize alikuwa anataka kuifanyia nini ile zawadi. Majibu yao yakija anza na hayo kwenye makala ijayo.