Paswedi ya databezi ikae nje ya WAR

SWALI: Habari ya kazi mkuu. Nasimamia mfumo wa saccos yetu hapa Morogoro, ni Java ya Spring Boot 2 (fremu ya kujengea programu) iko kwenye Tomcat 9 (seva inayoendesha programu za Java). Developa akileta toleo jipya naweka WAR (faili moja lililofungasha programu nzima) kwenye folda ya webapps, mfumo unawaka ila unaenda kwenye databezi yake ya majaribio, inabidi nifungue WAR nibadilishe application.properties (faili la mipangilio) kwa mkono halafu nirisitati, wanachama walioingia wote wanatupwa nje. Hamna programu huria ya kunisaidia?

JIBU: Zipo kaka, na kubwa unayo tayari, ni hiyo hiyo Tomcat. Shida inaanzia kwenye ile application.properties, maana WAR inatakiwa iwe ile ile kwa developa na kwako, kinachotofautiana kati ya mashine na mashine kikae nje. Spring Boot ikikuta SPRING_DATASOURCE_URL, SPRING_DATASOURCE_USERNAME na SPRING_DATASOURCE_PASSWORD kwenye mazingira ya seva (environment variables) inachukua hizo, za ndani ya WAR inaachana nazo. Kwa hiyo nenda folda ya bin ya Tomcat, unda setenv.sh, faili ambalo Tomcat inalisoma ikiwaka (haiji nayo, unaitengeneza mwenyewe), kila mstari uanze na export, mfano:

export SPRING_DATASOURCE_PASSWORD='paswedi yako'

Piga chmod 600 kwenye faili hilo ili mmiliki tu alisome, mmiliki awe yuza anayeendesha Tomcat, risitati mara moja, basi, WAR hufungui tena.

Wanachama kutupwa nje nalo lina dawa. Tangu Tomcat 7 unaweza kuweka matoleo mawili kwa pamoja, ya zamani saccos##001.war na mpya saccos##002.war, hakuna kurisitati, aliye ndani anaendelea na la zamani mpaka amalize, anayeingia sasa hivi anapewa jipya. Hizo sifuri usiziache, Tomcat inalinganisha kama maandishi siyo kama namba, ukiandika ##9 halafu ##10 itaona 9 ndo mpya na utahangaika siku nzima. Na muulize developa kama amegusa majedwali ya databezi, kwa muda huo matoleo yote mawili yanasoma databezi moja, akiwa amefuta safu, toleo la zamani litakufa mikononi mwa watu.

Ukizoea, ingia Ansible, programu huria ya kuandaa seva kwa maagizo yaliyoandikwa. Kwenye seva inataka SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) na Python tu, hatua zote unaziandika kwenye faili la maandishi la YAML, paswedi unazifunga kwa ansible-vault (inazisimba), unahifadhi kwenye Git, inayotunza historia ya mafaili. Hata kwa seva moja inalipa, siku diski imekufa au wewe umehamishwa, mwenzako anausimamisha mfumo upya bila kukupigia simu usiku. Kubernetes, ya kusimamia programu kwenye seva nyingi, iache kwanza, kwa saccos moja ni mzigo bure.

SWALI: Nimepandisha Tomcat kutoka 9 kwenda 10, WAR ile ile sasa inatoa 404 tu. Dada wa Kisumu.

JIBU: Dada, kuanzia Tomcat 10 majina ya javax.servlet yamekuwa jakarta.servlet, ni baada ya Java EE (kanuni za Java za programu za seva, sasa Jakarta EE) kuhamia Eclipse Foundation, kwa hiyo programu yako inatafuta madarasa (classes za Java) ambayo hayapo. Unda folda webapps-javaee pembeni ya webapps, weka WAR humo, Tomcat itaibadilisha yenyewe na kuipeleka webapps. Ikigoma rudi 9 mpaka developa wako aihamishie Jakarta, kwa Spring ina maana Spring Boot 3 na Java 17, na hapo tumia Tomcat 10.1.