Aliyeuza ng'ombe hatajwi: maswali yenu kuhusu michezo mipya ya jukwaani

Safari hii maswali mengi yamekuja upande wa jukwaa. Nimechagua saba. Moja ni la kunikaripia, nalo nimeliweka.

Tulikwenda na wenzangu wa kazini kuona mchezo mpya. Tulicheka tangu mwanzo hadi mwisho, lakini njiani kurudi hakuna aliyeweza kumweleza mhusika hata mmoja. Kosa ni letu au ni la mchezo? — Karani, Dar es Salaam

Fanya jaribio moja. Mtoe yule mhusika mkuu ukumbini, mpandishe daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni, kisha konda agome kumrudishia chenji yake. Atafanya nini? Atafoka, atanyamaza na kununa mpaka kituo chake, au atamsimulia jirani kwa sauti ili konda asikie? Kama jibu limekujia bila kutafuta, mwandishi alikupa mtu. Kama huna la kusema zaidi ya "atachekesha", ulipewa mcheshi, na mcheshi mmoja hana tofauti kubwa na mwingine.

Ukienda tena, katika kila onyesho jiulize huyu anataka nini sasa hivi. Si lazima kiwe kitu kikubwa. Anaweza kutaka kiti, ruhusa, au mgeni aondoke kabla mama hajarudi. Mwenye haja humshiki kwa urahisi, maana haja inamwendesha huku na huku. Asiye na haja anasimama katikati ya jukwaa akingoja zamu yake ya kusema.

Wahakiki wanapenda kuandika "majibizano yana mvuto". Mvuto huo unaonekanaje? Mimi nasikia watu wanaongea tu. — Msomaji, Tanga

Mimi huanza na salamu. Waandishi wengi huzipita haraka wafike kwenye "kisa", na hapo wanatupa mali. Kwetu salamu ni mizani. Kijana anaingia, mzee ameketi. Ile shikamoo inakuja kabla hajavua viatu au baada? Inasemwa kwa kuinama au kwa kupita? Na marahaba inarudi nzima au inamezwa?

Niliwahi kuona mchezo wa wanafunzi, jukwaa lenyewe ni ubao juu ya matofali. Kijana amerudi kutoka mjini na fedha, anaingia kwa baba yake mdogo aliyemlea, anachomeka miwani kichwani na kusema, "Habari za hapa?" Basi. Hakuna tusi wala kofi. Lakini ukumbi ulinyamaza, na bibi mmoja nyuma yangu akatamka kwa sauti, "Huyo!" Baba mdogo akajibu, "Nzuri," akasogea pembeni ya mkeka ampishe. Katika maneno manne tulijua nani sasa anamlisha nani, na nani ameumia. Ndiyo mvuto huo.

Baada ya salamu, sikiliza wanavyoitana. Mke aliyemwita mumewe "baba Rehema" kuanzia mwanzo wa mchezo, siku atakapomwita kwa jina lake tupu, kuna kitu kimekatika humo ndani, hata kama sentensi inayofuata ni ya kuomba chumvi. Na ukiwa mtu wa Pwani, Tanga yako hiyo, usisahau kutazama kanga. Mwigizaji anaweza kupita jukwaani bila kusema neno na maandishi ya kanga yake yakamjibu mke mwenza. Ni majibizano pia hayo, na ni makali kuliko mengi ya mdomoni.

Kwa nini wahusika wa michezo yetu wanahutubia? Mtu anamwambia mkewe mambo ambayo mkewe anayajua, kwa Kiswahili cha gazeti. — Mwanafunzi wa chuo, Morogoro

Swali hili ningeweza kulijibu ukurasa mzima, kwa hiyo nivumilie.

Kuna historia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sanaa za maonyesho zilipewa kazi ya kupeleka siasa mpya kwa wananchi. Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala ndiye aliyezipa umaarufu, zilisimamisha watu wawili: asiyeelewa na anayemwelimisha. Shuleni tulizikariri. Zilifanya kazi iliyokusudiwa, sizibezi, ila zilituachia mazoea kwamba mtu akisimama mbele ya watu ni lazima afundishe. Kisha wakaja wafadhili na michezo ya miradi, leo vyandarua, kesho ndoa za utotoni. Mwandishi anayejua kwamba mwishoni ataulizwa "ujumbe uko wapi?" hawezi kuuacha ujumbe ujipitie wenyewe. Anamtwika mhusika, na mhusika anaubeba kama kuli.

Tazama tofauti. Nimeitunga mwenyewe, usimtafute mwenyewe wa kumshtaki.

MKE: Mume wangu, umemuuza ng'ombe wetu wa pekee bila kunishirikisha, ilhali unajua watoto wanategemea maziwa yake!

Huyo anatuambia sisi, hamwambii mumewe. Sasa hivi:

MUME: Mbona chai ya rangi?
MKE: (Anaendelea kusugua sufuria.) Kamba nimeikunja. Ipo pale msumarini.

Ng'ombe hakutajwa. Aliyemuuza hakutajwa. Lakini mtazamaji anaitazama ile kamba, anamtazama mume, na anafanya hesabu mwenyewe. Mtazamaji aliyefanya hesabu mwenyewe haisahau. Tena mume bado ana pa kukimbilia: anaweza kujifanya hakuelewa, na namna atakavyojifanya ndiyo itakayotuonyesha ni mtu wa aina gani. Hotuba humfungia mlango huo.

Isieleweke kwamba kauli ndefu ni mbaya. Katika *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, kuna maneno marefu na mazito, na hayachoshi. Kwanza mchezo haufunguliwi na shujaa. Unafunguliwa na wanawake wakizungumza shida za maisha chini ya Wajerumani, hivyo tunaisikia njaa kabla ya kusikia vita. Na mwishoni, Kinjeketile akiwa kifungoni, anatakiwa atamke kwamba yale maji ya dawa, aliyowaambia watu yatawakinga na risasi, yalikuwa uongo. Mwenyewe ana mashaka nayo. Kukiri kungeweza kumpunguzia mateso. Anakataa, kwa kuwa neno lile limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye, na wajukuu wangeambiwa kwamba kupigana kulikuwa kosa. Pale kila neno linamgharimu anayelisema. Hicho ndicho ninachokitafuta katika kauli ndefu: msemaji anapoteza nini kwa kuisema? Kama hapotezi kitu, mwandishi angeibandika ukutani tukaisoma tukitoka.

Nafundisha tamthilia kidato cha nne. Wanafunzi wanakariri "sifa za wahusika": katili, mwenye tamaa, msaliti. Wanapata alama lakini hawapendi. Nifanyeje? — Mwalimu, Kisumu

Mwalimu, pole, maana mtihani unataka hizo sifa na huwezi kuzikwepa. Ila zije mwisho. Chagua ukurasa mmoja, wapange watoto wawili mbele ya darasa, wausome kwa sauti. Kisha wabadilishane nafasi: aliyesoma maneno ya mtawala asome ya mshauri wake. Waulize ni mstari gani ulikuwa mgumu kuusema huku unamtazama mwenzako machoni. Hapo utasikia darasa likibishana, na katika ubishi huo "katili" atapata sura. Atakuwa ni yule anayeuliza hali ya mtoto wa mtu kabla ya kumfukuza kazi.

Maelekezo ya jukwaa yasirukwe. Wanafunzi huyaona kama vumbi katikati ya maneno. "Anaketi" baada ya "Nakwenda zangu" ni habari nzima.

Na wakumbushe kwamba mhusika si mtu wa historia hata akiwa na jina lake. Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya yule aliyeishi wakati wa vita vya Majimaji.

Wahusika waongee Kiswahili sanifu au Sheng? Baba yangu anasema michezo ya siku hizi inaua lugha. — Msomaji, Nairobi

Mwambie mzee kwamba lugha haiuawi na kijana wa kubuni anayeuza mitumba Gikomba. Angeuza kwa sanifu ya taarifa ya habari, hakuna ambaye angemwamini, wala hangeuza.

Lakini nina ugomvi na waandishi pia. Sheng ya wengi wao ni ya aina moja tu, inamwagwa kwa kila mtu kama pilipili. Nyanya wa miaka 70 anaisema, pasta anaisema, mtoto wa darasa la pili anaisema. Kinachonivutia ni anayehama. Mlinzi anapiga gumzo na mwenzake getini kwa lugha yao, gari la bosi linaingia, ghafla ni "Karibu sana, mheshimiwa." Mhamo huo ni tabia, tena huonyesha cheo, woga na mshahara kwa mpigo mmoja.

Watu wa kawaida wana sikio la hatari kwa mambo haya. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walipokuwa wakifanya mazoezi ya mchezo wa Kikuyu *Ngaahika Ndeenda*, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walikuwa wakiwasahihisha wasomi: mzee wa umri huu hasemi hivi, hayo ni maneno ya kijana. Ngũgĩ wa Thiong'o alilieleza hilo bila aibu, kama masomo aliyopewa. Mchezo ulipigwa marufuku mwaka huohuo, lakini somo lile lilibaki.

Naye Mwalimu Nyerere, akiwa rais na shughuli zake zote, alitoa tafsiri yake ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina *Julius Caezar*, akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 ikiitwa *Juliasi Kaizari*. Hata jina la mtu lilitafutiwa ulimi wa kulisema. Basi mwandishi anayesema mswada wake wa kwanza umekamilika na anishangaze.

Kimoja nisichokivumilia ni kicheko cha lafudhi. Mhusika ambaye kazi yake yote ni kuchanganya "r" na "l" ili ukumbi ulicheke kabila lake hajaandikwa bado.

Umezidi kuponda vichekesho. Sisi tunalipa kiingilio tucheke tupumzike. — Msomaji, Mombasa

Cheka, ndugu yangu, na mimi hucheka. Kichekesho kizuri ni kigumu kukiandika kuliko msiba, kwa sababu mhusika wake hajui kwamba anachekesha. Akishaanza kutukonyeza, mimi huangalia saa.

Niliona mchezo ambao hakuna kinachotokea. Watu wawili wanazungumza, wanagombana, wanapatana, mwisho. Nilikosa nini? — Fundi umeme, Kigoma

Pengine hukukosa kitu, michezo mingine ni mitupu kweli. Lakini ipo ya makusudi. Said Ahmed Mohamed aliandika *Amezidi* mwaka 1995: watu wawili, Ame na Zidi, ndani ya pango, wakijidanganya kwamba wana maisha. Ukiunganisha majina yao unapata jina la mchezo, na ukiwatenganisha hakuna hata mmoja anayejitosheleza. Ukingojea "kisa" pale utalala.

Katika mchezo wa aina hiyo mimi hufuatilia kamba moja tu: nani anamhitaji mwenzake zaidi kwa sasa. Ni kama kutazama bao. Kete zinazunguka zilezile, mashimo ni yaleyale, lakini mwenye nguvu anabadilika. Mmoja anauliza, mwingine anakataa kujibu. Mwenye kukataa yuko juu. Kisha yule wa kwanza anajifanya anaondoka, na mwenzake anajikuta anabembeleza. Kimetokea kitu, ila kimetokea baina yao.

Sikiliza pia vimya. Fundi umeme unajua: ukikuta taa haiwaki, hutazami taa peke yake, unafuata waya mpaka pale ulipokatika. Mhusika akiulizwa kuhusu mama yake akajibu kuhusu mvua, hapo ndipo waya ulipokatika.